Mapaja ya Mkwe

Bagamoyo,
10 Februari 1954

Kwa mpwa wangu Kombo, huko Jinja kwenye pamba na ndizi za kupika,

Salaam zikufikie ukiwa na afya, na magoti yako mawili yakiwa mahali pake. Mama yako Ashatu hajambo, isipokuwa jino. Mke wangu Fatu hajambo, isipokuwa ulimi. Mbuzi kazaa pacha. Mimi nimegombana na karani wa soko juu ya mizani yake, nimegombana na mwalimu wa shule juu ya redio, na nimemwandikia mhariri barua ya sita, kwa kuwa zile tano hakuzichapa, na mtu asiyechapa hoja ni mtu aliyeshindwa nayo. Kwa hiyo, kama uonavyo, mji umetulia.

Sasa jambo lenyewe. Mrisho wa Kaole, huyu afanyaye kazi katika reli, alipokuja likizo aliniletea gazeti la huko kwenu. Ukurasa wa mwisho, picha. Wewe! Mpira uko mguuni, mikono umeitawanya kama mtu anayefukuza kuku, na chini yake pameandikwa jina lako na la marehemu baba yako bila kosa hata moja. Kombo, nimesoma magazeti miaka ishirini na tano. Nimesoma habari za wafalme, za vita na za watu waliopanda milima isiyo na faida. Sijapata kuona humo mtu niliyemkogesha mimi mwenyewe kwenye beseni. Nilitafuta mahali pa kukaa.

Ila kaptura, mwanangu. Nani aliyekupa kaptura ile? Imeishia pale ambapo nguo ya mtu mwenye haya ndiyo kwanza inaanza.

Picha hiyo ikabandikwa kwenye nguzo ya baraza ya Mwinyimvua, fundi cherehani. Ni nani aliyeibandika, hilo tuliache, mji huu una watu wengi wasio na kazi. Ndiyo, Mwinyimvua huyo huyo, baba yake Mardhiya wako. Saa saba mchana mkewe, Bi Mwanaasha, akazunguka kutoka uani na bakuli la wali kichwani kumletea mumewe. Akainua uso. Mbele yake, pua kwa goti, mapaja ya mkwewe mtarajiwa!

Wewe ni mtoto wa pwani, sina haja ya kukueleza. Mwanamke huyu tangu tulete posa hajatamka jina lako, anakuita "yule" tu. Ulipopita uchochoroni kwao aliingia ndani kukupisha. Leo amekuona mpaka penye kovu la ulipoanguka mkorosho. Alijifunika kanga uso mzima, akarudi kinyumenyume, akamvaa muuza kahawa. Wali chini, kahawa chini, na mzee wa watu chini.

Sasa inatakiwa kifuta macho, zawadi ya kumwondolea alichokiona. Doti moja ya kanga na ubani, kutoka kwako, kwa heshima. Usichelewe.

Mjomba wako,
Mwinjuma bin Mtoro


Jinja,
3 Machi 1954

Mjomba, shikamoo. Na mama shikamoo, na bibi Fatu shikamoo. Mwambieni mama jino hilo aliwekee karafuu mpaka Mrisho amletee dawa. Mimi mzima. Chakula cha huku nimekizoea ila nazi naiota.

Nimesikitika kwa yaliyompata mama mkwe, na kwa wali pia.

Mjomba, kaptura si yangu. Anazitoa Bwana Jivraj, mwenye kiwanda cha pamba. Yeye anaamini kwamba kaptura fupi huongeza mbio, na pia hupunguza kitambaa. Hapa nimeandikwa karani wa mizani, lakini tangu nije mwaka jana hiyo mizani sijaishika. Asubuhi tunafanya mazoezi, jioni tunafanya mazoezi, Jumamosi tunacheza. Ndiyo kazi yenyewe, usimwambie mtu wa kodi.

Uliniuliza katika barua ya mwaka jana kwa nini sitajwi miongoni mwa wafungaji. Mimi ni hafu wa katikati. Kazi yangu ni kuuchukua mpira kwa hao na kuwapa hawa. Ukitazama karamu, kuna anayepika, kuna wanaokula, na kuna aliyesimama katikati na upawa. Huyo ndiye mimi. Nyama ikiwa kidogo, wa kulaumiwa ni mimi. Ikiwa nyingi, husifiwa mpishi.

Kanga nimezinunua kwa haraka dukani kwa Mhindi, maana Mrisho alikuwa anaondoka na gari moshi la saa nne. Rangi nyekundu na nyeupe, pindo zuri sana. Anazileta yeye pamoja na ubani. Mwombeeni radhi mama kwa niaba yangu. Na Mardhiya, kama kuna njia ya adabu ya kumsalimu, msalimieni.

Mpwa wako,
Kombo


Bagamoyo,
2 Aprili 1954

Kombo,

Salaam. Jino la mama yako limeng'olewa, amelifukia uani na kuliwekea jiwe. Pacha mmoja wa mbuzi amekula barua yangu ya saba kwa mhariri, na mpaka sasa ndiye msomaji aliyeipokea vizuri kuliko wote.

Kanga zimefika. Pindo zuri, ulisema. Kweli, pindo zuri. Je, uliyasoma maandishi, au shule tulikupeleka ukacheze mpira tu? Sisi tulizipeleka kwa heshima zote, juu ya sinia, mama yako mbele na Fatu nyuma na chetezo cha ubani kinafuka. Bi Mwanaasha akazipokea, akazikunjua mbele ya majirani wanane. Akasoma. Kwa herufi kubwa, kwenye nguo uliyomletea mwanamke kwa kuwa ameyaona mapaja yako:

MACHO HAYANA PAZIA.

Fatu anasema yeye aliinama akajifanya anapuliza chetezo. Kisha jirani mmoja akacheka, na huyo mmoja akatosha.

Nami sikukaa kitako. Alasiri tatu mfululizo nimekwenda barazani kwa Mwinyimvua na vitabu kwapani. Nimemthibitishia kwamba wako wanazuoni wakubwa waliosema paja la mwanamume si uchi. Nimemthibitishia kwamba mpiga mbizi, mkulima wa mpunga na mpanda mnazi wote huonyesha mapaja na hakuna aliyenyimwa mke. Siku ya tatu nimemthibitishia kwamba kanga haiwezi kumtukana mtu, kwa sababu haina nia. Alikuwa anashona tu. Nimemshinda hoja zote tatu mbele ya watu.

Kuhusu posa usiwe na wasiwasi, mambo shwari. Sinia ya posa iko mahali salama kabisa, naiona kila siku.

Hata hivyo, kwa tahadhari, kuanzia leo cheza kwa suruali ndefu. Hilo ni neno langu la mwisho, na unajua mimi neno la mwisho nikilisema huwa nina mengine nyuma yake.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Jinja,
29 Aprili 1954

Mjomba, shikamoo. Wote shikamoo. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe salama. Mama nampa pole ya jino na pole ya jiwe.

Nami ni mzima. Mpira naendelea nao kama kawaida. Mechi ya wiki jana niliiona vizuri sana, maana mahali nilipokaa pana kivuli. Tulifungwa manne. Siku hizi pia nimejifunza mengi juu ya pamba. Gunia likilowa huongeza uzito, na wakulima wengine hutia mawe katikati, basi lazima uchome mkono mpaka begani. Ni kazi yenye elimu ndani yake.

Mjomba, naomba kuuliza jambo kwa adabu. Umeandika sinia ya posa iko salama na unaiona kila siku. Sinia ile tuliipeleka kwa kina Mardhiya mwaka jana mimi mwenyewe nikiwapo. Sasa iko salama kwa nani? Mrisho amepita hapa juzi. Nilipomuuliza habari za harusi alianza kunisimulia habari za reli.

Nimefikiri sana, na naona mmoja wetu lazima aanze kusema kweli. Basi naanza mimi, kwa kuwa ni mdogo.

Nilivaa suruali ndefu kama ulivyoamuru. Watu elfu mbili walisimama kunitazama. Mmoja akapiga kelele, "Karani, ofisi imehamia uwanjani?" Mwamuzi akanitoa kabla ya filimbi ya kwanza. Alisema hajali urefu wa nguo, iwe mpaka goti au mpaka kifundo, ila wachezaji kumi na mmoja lazima wavae namna moja. Bwana Jivraj akanipa kaptura ile ile. Nikaiangalia, nikamwona mama mkwe. Sikuivaa. Tangu siku hiyo ni wiki tatu nimekaa nje ya kamba, na siku za kazi napima pamba kweli, kama nilivyoandikwa. Mwisho wa Juni Bwana Jivraj ataamua nani abaki na nani apewe tikiti ya kurudi kwao.

Mjomba, nikivaa fupi namkosa Mardhiya. Nikivaa ndefu naukosa mpira. Hivi sasa naona kama nimekwisha kuvikosa vyote viwili. Niambie kweli.

Kombo


Bagamoyo,
25 Mei 1954

Mwanangu Kombo,

Salaam za mtu aliyefunga, mwenye kiu, na aliyeumbuka.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mama yako na Fatu. Nilipofika penye "iko salama kwa nani" nikakohoa. Fatu akainama, akaingiza mkono chini ya kitanda changu, akaivuta sinia, akaiweka katikati ya chumba. "Mwandikie," akasema, "iko salama kwa panya."

Ilirudishwa siku mbili baada ya kanga. Sikukuambia. Na nikiwa nimeanza, nimalize. Ile picha niliibandika mimi. Si watu wasio na kazi. Mimi, kwa misumari minne, kila pembe mmoja. Nilitaka barazani pale penye watu wengi mji mzima uione. Mji mzima ukaiona.

Nikaenda kwa Mwinyimvua. Sikuchukua kitabu. Alipoona mikono yangu mitupu alishtuka kuliko kama ningekuja na panga.

"Leo huna kitabu, Mwinjuma?"

"Leo nina kosa."

Akauacha uzi. "Hebu rudia."

"Nina kosa, nimesema. Picha niliibandika mimi."

"Hilo nalijua. Misumari ni yangu, uliichukua mezani kwangu nilipokuwa msikitini."

"Basi mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja. Umenijia alasiri tatu. Umeshinda hoja zote tatu, na umempotezea mpwa wako mke. Nilitaka nione utashinda mpaka lini."

Kombo, nilikuwa na majibu manne ya maneno hayo, na moja lilikuwa zuri sana. Nililimeza. Nadhani ndilo lililonivunjia saumu yangu siku ile.

Badala yake nikatoa barua yako, nikaisoma yote, pale penye mwamuzi, pale penye pamba, mpaka mahali uliposema uliiangalia ile kaptura ukamwona mama mkwe, hukuivaa. Nyuma ya pazia la mlango nilisikia kinu kikisimama.

"Fundi," ikaja sauti ya Bi Mwanaasha, "yule wiki tatu hakuvaa?"

"Hakuvaa."

"Hata walipomtoa?"

"Hata walipomtoa."

Mwinyimvua akavua miwani, na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinamuuma siku zote zile. Akasema, "Kitambaa kile kimekatwa na mwendawazimu. Pindo halikurudishwa, makalio hayana nafasi, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nimekitazama kwenye nguzo yangu mchana mzima, wateja wakadhani ni kazi yangu! Huyo mwamuzi ana akili. Kumi na moja, namna moja. Nitashona kumi na moja, vidole vinne chini ya goti."

Kitambaa nimetoa mimi, lile jora jeupe tuliloliweka kwa kanzu za Idi. Nitasali Idi na kanzu ya mwaka juzi, ile yenye doa la mchuzi. Lakini palibaki swali la kipimo, maana wewe uko Jinja. Sauti ikaja tena nyuma ya pazia:

"Fundi, kijana hakujibandika. Aliyemwanika mwenziwe naye aanikwe. Apimwe yeye, hapo hapo penye nguzo."

Nikapimwa. Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Nilisimama juu ya kibao barazani na kaptura ya kwanza imeshonwa kwa nyuzi za kujaribia, miguu yangu, ambayo jua halijaiona tangu vita vya Mjerumani, ikiwa mbele ya mji. Karani wa soko alikuja. Mwalimu wa redio alikuja na darasa zima. Muuza kahawa hakuwa na la kuuza mchana wa Ramadhani, lakini alikuja akakaa mbele kabisa. Hakuna aliyeniletea hoja. Walitazama tu.

Mrisho anakuletea furushi. Sinia bado iko kwangu. Mwinyimvua amesema ataamua akiona picha nyingine.

Mjomba wako, aliyekosea,
Mwinjuma


Jinja,
28 Juni 1954

Mjomba, shikamoo, na Idi njema iliyopita. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ile sehemu ya kibao nimewasomea wenzangu chumbani, wamekusalimu sana na wanauliza kama una picha.

Furushi lilifika Alhamisi. Bwana Jivraj alizipapasa zile kaptura, akauliza, "Bure?" Nikamwambia bure. Akasema siku zote yeye amependa kaptura ndefu.

Mjomba, kwa heshima zote, wewe ni mtu mpana. Kiunoni kwako tunaingia wawili. Zote tulizifunga kwa kamba za magunia. Tulipotoka uwanjani Jumamosi tulionekana kama maturubai kumi na moja yaliyoamua kutembea. Watu walilala chini kwa kucheka. Wapinzani wetu walicheka mpaka beki wao mmoja akashika tumbo. Walicheka muda wa dakika kumi, na ndani ya dakika hizo nilimpa mpira wingi wetu, yule mshambuliaji wa pembeni kulia, mara mbili, akafunga mara mbili. Walipoacha kucheka ilikuwa wamechelewa. Tatu kwa moja.

Mimi sikufunga. Lakini Bwana Jivraj kaniita leo asubuhi, kanipa mwaka mwingine na likizo ya mwezi mzima kuanzia mwanzo wa Agosti. Mizani amempa mtu mwingine.

Likizo nimeiomba bila kujua nakuja kufanya nini. Gazeti limetupiga picha, Mrisho analo. Tafadhali, mjomba, usilibandike.

Kombo


Bagamoyo,
17 Julai 1954

Kombo, mwanangu,

Salaam. Mama yako hajambo, meno yaliyobaki yametulia. Mhariri ameichapa barua yangu ya nane. Ameipunguza nusu na imekuwa nzuri zaidi, jambo ambalo nitamgombeza nalo wiki ijayo.

Gazeti nililikunja mara nne, nikalitia mfukoni, nikalishika kwa nje njia nzima ili lisitoke lenyewe. Fatu alifuatana nami kunilinda nisiseme. Mwinyimvua akalikunjua juu ya cherehani. Mmejipanga kumi na moja, kaptura nyeupe mpaka chini ya magoti, na wewe umekaa katikati na mpira. Kwanza alitazama mapindo, moja baada ya jingine, kwa kidole. Kisha akanung'unika juu ya kamba za magunia. Kisha akalipenyeza gazeti nyuma ya pazia.

Tulikaa. Nilisikia karatasi ikisogezwa kwenye mwanga.

"Fundi," ikasema sauti, "yule wa katikati mbona hatajwi hata siku moja kuwa kafunga?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na hoja sita. Fatu akanifinya paja, Kombo, na paja hilo sasa mji mzima unalijua. Nikasema, "Yeye kazi yake kugawa, bibi. Hafungi, anawapa wafungao."

Unakumbuka Bi Mwanaasha ndiye husimamia pilau katika kila harusi kuanzia hapa mpaka Kaole.

"Kumbe ndiye mwenye upawa," akasema. "Na watu wanasema wingi kafunga mawili. Wingi angefunga nini angepakuliwa sahani tupu?" Halafu: "Fundi, ile sinia yetu imekaa kwa watu muda mrefu. Mwambie huyo bwana airudishe leo, na asiipitishe mahali penye misumari. Na yule mpakuaji wa watu aambiwe aje kula kwao. Harusi wiki ya pili baada ya Idi Kubwa, mchele nimeshauagiza."

Sinia imekwenda, mama yako mbele, Fatu nyuma, na safari hii chetezo nilikishika mimi. Bi Mwanaasha alitoka kuwapokea. Alikuwa amevaa kanga nyekundu na nyeupe, pindo zuri sana, na maandishi ameyageuza nje, kila mtu ayasome.

Jana nikapita barazani kwenda kugombana na karani wa soko. Picha iko kwenye nguzo, kwa misumari minne, kila pembe mmoja, na watu wamejaa. Mwinyimvua ameishika fimbo ya kupimia na anawaonyesha wateja jinsi pindo linavyorudishwa. Wawili walikuwa wameagiza kaptura namna hiyo.

Wallahi, Kombo, mara hii si mimi.

Njoo.

Mjomba wako,
Mwinjuma bin Mtoro